Haki ya Nchi na Haki ya Mtu

Sheria ya Marekani ya mwaka 1990 yatenga kila mwaka hati kama 140,000 za ukaazi wa kudumu kwa wageni wa kazi, wake na watoto wao wakiwamo. Wenyeji wa nchi moja hawaruhusiwi kupita asilimia 7. Yaonekana ni haki. Lakini sheria hiyo yapima nchi, haimpimi mtu. Mhandisi mzaliwa wa India hungoja miaka mingi, na mwanawe akitimiza miaka 21 aweza kupoteza nafasi yake.

Mwaka 2019 Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada wa kuondoa mpaka huo. Seneti ikapitisha wa kwake mwaka 2020. Hawakupatana, muswada ukafa. Wapinzani walisema kwamba, hati zisipoongezwa, watu wa nchi nyingine, Waafrika wakiwamo, wangengoja zaidi. Hawakukosea: kugawa upya mkate usiotosha ni kuhamisha njaa.

Mwaka 1952 Papa Pius XII alituonyesha Familia Takatifu iliyokimbilia Misri kuwa mfano wa wahamiaji wote. Basi, kila muswada tuupime hivi: je, wamwacha mtoto pamoja na wazazi wake?