Mikorosho Haikuhama

Zamani Wazaramo wengi wa Kisarawe na Kibaha walikaa mbalimbali, kila mtu karibu na mikorosho na minazi yake. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kuwa kuishi vijijini ni amri, siyo hiari. Mwisho ulikuwa 1976.

Watu wakahama. Lakini mti hauhami! Kutunza mashamba ya mbali kukawa taabu, na baada ya 1974 zao la korosho likashuka nchini.

Na shamba ulilopewa kijiji kipya, ni la nani? Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ilithibitisha ugawaji uliofanyika tangu 1970 mpaka 1977. Basi waulizeni wazee: nani aligawiwa wapi, mpaka ni mti gani? Andikeni kwenye daftari, wao wangali hai.