Lodwar hadi Eliye Springs kwa baiskeli

SWALI: Mimi na binamu yangu tunataka kuendesha baiskeli kutoka Lodwar hadi Eliye Springs, tulale usiku mmoja na kurudi. Ni safari yetu ya kwanza. Tujiandae vipi?

JIBU: Anzeni na matairi. Miiba ya mathenge na migunga haina huruma, kwa hiyo bebeni tyubu mbili za akiba kila mmoja, viraka na solusheni mpya, maana ya zamani hukaukia ndani kwa joto lile. Fungeni matairi mapana kadiri fremu inavyokubali. Mkifika kwenye mchanga, punguzeni upepo. Pampu basi isibaki nyumbani. Cheni ipakeni mafuta kidogo tu, yakizidi yananasa vumbi.

Mzigo ukae kwenye keria, chini na sawa pande zote mbili. Begi la mgongoni litawachemsha. Hema liacheni. Shuka na neti vinatosha.

Msipunguze maji: lita 6 kila mtu, kwani ya ziwa la huko Eliye yana magadi. Ondokeni alfajiri. Upepo wa mashariki utawapiga usoni wakati wa kwenda, ila kurudi utawasukuma.