Chemsha Bongo ya Simu na Kiingereza cha Mpakani

Wengi wenu mnavuka mpaka kila juma, hapa Busia au kule Malaba, na taabu ya fomu mnaijua. Mdomoni tunaongea Kiswahili, Kiteso, Kisamia, Kikhayo. Karatasi nayo inaongea Kiingereza, tena si kile cha shuleni.

Mama mmoja wa darasa letu la Jumamosi alileta nyanya kutoka Uganda. Kwenye fomu akakuta neno "origin". Aliwahi kuambiwa kwamba maana yake ni asili, mahali mtu alikotoka. Yeye ni mtu wa Busia, basi akaandika Busia. Karani akamwuliza, "Busia gani, mama?" Maana ziko mbili, ya Kenya na ya Uganda, zinatazamana. Kabla mambo hayajanyooka jua lilikuwa limezama, na nyanya hazingoji mtu.

Ajabu ni kwamba karatasi kama hiyo iliwekwa kumfaa mtu kama yeye. Kwa utaratibu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, mfanyabiashara mdogo mwenye mzigo usiozidi dola 2000 za Marekani hupewa cheti rahisi cha asili ya bidhaa, ikiwa bidhaa imo kwenye orodha na imetoka nchi mwanachama. Hapo halipi ushuru wa kuingiza bidhaa, ingawa kodi nyingine zaweza kubaki. Lakini anayeogopa fomu hupitia njia ya panya, na huko akikamatwa hana hata karatasi ya kujitetea.

Walimu wanagenzi wanaotusaidia darasani walikuja na wazo la chemsha bongo ya mtandaoni. Walitumia Kahoot, mchezo uliotoka Norway mwaka 2013. Swali linaonekana mbele kwenye skrini, majibu manne yana rangi zake, na kila kikundi kinagusa rangi kwenye simu.

Siku ya kwanza ukumbi ulijaa kelele. Akina mama ambao hawakuwa wakifungua mdomo walikuwa wakisukumana wagusie. Mwalimu mmoja alituambia kwamba kwa nusu saa alijua nani amekwama wapi, jambo ambalo kwa daftari lingemchukua wiki. Hilo tunalikubali.

Lakini tulipokaa nao baadaye, sifa zilipungua. Wengine walilia juu ya bando. Kule Malaba simu inajiunga na mtandao wa Uganda bila kuombwa, na mchezo unakatika katikati. Wenye simu za mulika mwizi walibaki kutazama. Haya yote ni kweli, ila mwalimu mwingine alisema neno zito zaidi: mchezo unapenda wenye haraka. Ukijibu sawasawa mara moja unapata karibu alama 1000. Ukijibu sawasawa mwishoni, unapata kama nusu tu. Sasa mpakani nani anampa mtu alama kwa kuharakisha kutia sahihi? Muda unaweza kuongezwa hadi dakika 4 kwa swali, nao wakauongeza.

Kosa kubwa lilikuwa kwenye maswali, na waliotunga ni wao wenyewe. Waliuliza maana ya "duty" kisha wakaweka majibu ya uongo kama "ng'ombe" na "mvua". Kila mtu alipata, na hakuna aliyejifunza. Shida ya Kiingereza cha forodha si maneno mageni. Ni yale tunayodhani tunayajua. "Duty" kwa mwalimu ni zamu. Forodhani ni ushuru. "Declare" shuleni ni kutangaza. Mpakani ni kueleza kikamilifu ulichobeba na thamani yake. Basi jibu la uongo linalofaa ni ile maana ambayo mtu tayari anayo kichwani. Hapo ndipo anapokosea, na anapokosea ndipo mwalimu anapata kazi.

Wakatunga upya. Kila baada ya swali wanasimamisha mchezo, mmoja aliyekosea na mmoja aliyepata wanaeleza kwa Kiswahili kwa nini walichagua hivyo, kisha wote wanajaza mstari mmoja wa fomu kwa kalamu. Siku mtandao ukikataa wanatumia vipande vya katoni vyenye rangi nne. Kelele ni ile ile, jamani.

Jumamosi iliyopita swali lilikuwa hili: mchele umelimwa Pakistan, ukanunuliwa Busia ya Uganda, ukafungwa upya kwenye magunia madogo. "Origin" yake ni wapi? Wengi waliinua rangi ya Uganda, hata mwalimu mmoja. Yule mama wa nyanya aliinua ya Pakistan, akasimama akawaeleza kwamba gunia halibadilishi shamba.