Dawa Mbili Katika Sindano Moja: Zinasaidiana au Zinagombana?



Mbuzi anakohoa. Umemchoma penstrep siku mbili, hajapata nafuu. Nyumbani kuna chupa ya OTC iliyobaki. Unavuta kidogo hapa, kidogo pale, unachoma. Wengi tumefanya hivyo. Tuangalie kinachotokea mwilini mwa mnyama.

Penisilini huua bakteria wakati wanapokua, wakiwa wanajenga ukuta wa miili yao. OTC inafanya kazi tofauti: kwa kawaida haiwaui, inawazuia wasikue. Bakteria aliyeacha kukua hajengi ukuta, hivyo penisilini inakosa pa kumshika. Umelipia dawa mbili, na moja imepunguza nguvu ya mwenzake. Tena zikichanganywa ndani ya bomba moja zinaweza kuharibiana hata kabla ya kuchomwa.

Basi kuchanganya ni kosa siku zote? Hapana. Penstrep yenyewe ni dawa mbili, penisilini na streptomaisini, zilizounganishwa kiwandani. Ya kwanza hudhoofisha ukuta, ya pili hupenya na kuharibu ndani. Hata sisi watu hutibiwa hivyo. Mgonjwa wa kifua kikuu huanza na dawa nne kwa pamoja, ili bakteria aliye sugu kwa moja auawe na nyingine. Aliyepata bruselosisi kwa kunywa maziwa mabichi, au kwa kushika kondo la nyuma kwa mikono mitupu, mara nyingi hupewa dawa mbili kwa wiki 6. Dawa hizo zimepangwa kwa kujua ipi inaendana na ipi.

Dawa ikishindwa, uliza kwanza kama ilikuwa sahihi. Homa ya mapafu ya mbuzi huletwa na vijidudu visivyo na ukuta kabisa; hapo penisilini ni sawa na maji. Ndigana kali, inayoletwa na kupe, si ya bakteria na ina dawa yake.

Kisha kipimo, na hapa ndipo naona tunakosea zaidi. OTC ya asilimia 20 kwa kawaida ni ml 1 kwa kila kilo 10. Ng'ombe wa kilo 250 anahitaji ml 25, zikigawanywa sehemu kadhaa za mwili. Bei ya chupa tunaijua, lakini ukimpa ml 10, bakteria dhaifu watakufa, wagumu watabaki na kuzaana. Hao wanaweza kuhamia hata kwa watoto wa boma.

Mnyama asipopata nafuu, usiongeze dawa ya pili. Mwite afisa mifugo, mwonyeshe chupa, mweleze ulichoma ml ngapi na siku gani. Kama ni ugonjwa wa kiwele, mwombe achukue maziwa kwa ajili ya kupimwa kabla hujachoma kitu kingine. Akikupangia dawa mbili, angalia siku za kutokunywa maziwa kwenye chupa zote, ufuate ile yenye siku nyingi zaidi.