Fidia ya Badr na Darasa la Jumamosi



Sifa njema zote ni za Allah (s.w.t.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).

Ndugu zangu, darsa letu linaanzia mwaka wa 2 Hijiria. Baada ya Badr Waislamu walikuwa na mateka wa Kikureshi wapatao 70. Wenye mali walijikomboa kwa mali. Imam Ahmad amepokea kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.) kwamba wasio na kitu, fidia yao ilikuwa kuwafundisha watoto wa Ansari kuandika. Ibn Sa'd anaeleza kuwa kila mmoja alipewa watoto 10, na walipokwisha kujua vizuri ndipo fidia yake ikatimia.

Tazameni sharti hilo. Mwalimu hakuhesabiwa siku alizofika, alihesabiwa watoto walioweza kuandika. Na walimu wenyewe walikuwa washirikina waliokuja na panga. Herufi hazikukataliwa kwa sababu ya aliyezitamka.

Hapa Juba watoto wa kufundishwa wapo. Pita Konyo Konyo baada ya swala ya Ijumaa utawaona na magunia ya chupa tupu za plastiki. Sheria ya Elimu ya mwaka 2012 inasema elimu ya msingi ni bure na ya lazima, lakini UNICEF inahesabu watoto zaidi ya milioni 2 wa nchi hii walio nje ya shule. Walimu wa serikali nao hukaa miezi bila mshahara.

Nami nina la kukiri. Nikiwa mwaka wa pili nilijitolea kufundisha watoto tisa kila Jumamosi, chini ya mwembe. Wiki ya sita mitihani ikanibana, nikaacha kwenda bila kumwaga mtu. Baadaye mmoja wao alinikuta sokoni, akaniuliza kwa Kiarabu cha Juba kama nilikuwa naumwa. Walikuwa wamekuja Jumamosi tatu wakaningoja. Suratul Israa, aya ya 34, inatueleza kuwa ahadi ni ya kuulizwa. Niliyaona maulizo hayo mapema, kwa mtoto wa miaka kumi.

Kwa hiyo usianze na watoto arobaini. Chukua watano kwa muhula mmoja, na ujue unataka wafike wapi: asome maneno mafupi, aandike jina lake, aweze kuingia darasani. Aliyepita umri wa darasa la kwanza apelekwe kwenye mpango wa elimu ya haraka, unaofanya miaka 8 ya msingi kuwa 4. Kwenye hesabu anza na pesa. Mtoto anayeuza maji anakokotoa chenji haraka kuliko wewe, hajui tu kuiandika. Kiingereza cha shule ndicho kitakachomsumbua, basi mweleze kwanza kwa lugha anayoijua. Aliyepita chuoni kwa maalim ataanza mstari kutoka kulia, usimcheke. Na muwahi asubuhi: Machi 2024 na Februari 2025 serikali ilifunga shule kwa sababu ya joto, na vyumba vya mabati mnavijua.

Wengi wa watoto hao si Waislamu. Wazazi waambiwe wazi kinachofundishwa, na kiwe hicho hicho. Kalamu isigeuzwe chambo.

Lipo jambo la nia. Abu Daud amepokea kwamba Ubaadah bin Swaamit (r.a.) aliwafundisha watu wa Suffa kuandika na Qur'ani, mmoja wao akampa upinde. Alipomuuliza Mtume (s.a.w.) alionywa vikali. Wanazuoni wengi, wakiwemo Malik na Shafi'i, wameruhusu ujira wa kufundisha Qur'ani kwa dalili nyingine, basi tusimlaumu maalim anayelipwa. Lakini aliyesema anajitolea ajichunguze. Upinde wa siku hizi, naona, ni picha: mtoto mwenye shati lililochanika anapigwa picha na mwalimu wake, na jioni picha iko kwenye simu za chuo kizima. Hakuna aliyemwomba ruhusa mama yake.

Mitihani itakuja tena, na likizo itawapeleka wengine Kampala na Nairobi. Basi fundisheni wawili wawili. Anayeondoka awaage watoto mwenyewe, amtambulishe mwenzake, na amwachie daftari lenye majina na ukurasa ambao kila mtoto ameishia.