Hotuba Niliyoisoma Uani

Mji wetu wa Palma, Msumbiji, uliposhambuliwa na wapiganaji wenye silaha tarehe 24 Machi 2021, tulikimbilia Quitunda, kisha meli ikatufikisha Pemba, makao makuu ya mkoa wetu wa Cabo Delgado. Uani kwa shangazi tulilala watu kumi na tisa. Jioni moja ikaingia kwenye simu yangu hotuba ya P. W. Botha, rais wa Afrika Kusini enzi za ubaguzi wa rangi, kwa Kireno, eti aliwatolea mawaziri wake mwaka 1985, akisema Mweusi hana akili ya kujitawala. Nikaitafsiri kwa Kiswahili, nikaisoma kwa sauti. Mama mmoja, ambaye mwanawe alikuwa hajaonekana bado, aliinuka akaenda zake kimya. Miezi mingi ilipita ndipo nikajua kuwa hotuba ile ni ya kubuni. Haya ndiyo mafunzo niliyopata.

1. Anza na tarehe.
Maandishi yale yanadai yalichapwa na gazeti la Sunday Times la Afrika Kusini tarehe 18 Agosti 1985. Siku tatu kabla yake, tarehe 15, Botha alihutubia chama chake mjini Durban. Hotuba hiyo, inayoitwa ya Rubicon, ilirushwa na televisheni na imehifadhiwa neno kwa neno. Dunia nzima ilikuwa inamtazama. Alikataa kumwachia Nelson Mandela, aliyekuwa gerezani, bila masharti, na sarafu ya rand ikaporomoka. Wiki hiyo hiyo gazeti kubwa lichape maneno mabaya kuliko hayo, na asitokee mwandishi wa kuyashika? Isitoshe, Botha wa kwenye simu yangu anakiri kila kitu kwa mpangilio, kama anayemwandalia mwendesha mashtaka kesi. Watawala wa ubaguzi wa rangi hawakusema hivyo hadharani. Walizungumzia maendeleo ya kila kabila kwa njia yake na haki za walio wachache, na lugha hiyo laini ndiyo iliyowadumisha.

2. Ubaya wa neno si dalili kwamba ni uzushi.
Niliposikia kuwa Nicolas Sarkozy, akiwa rais wa Ufaransa, aliwaambia wasomi wa Dakar kwamba Mwafrika hajaingia vya kutosha katika historia, nilikataa. Nilikosea. Aliyasema tarehe 26 Julai 2007, na hotuba nzima ipo.

3. Tukio lina mashahidi wake, kauli ina wake.
Hili linanigusa zaidi. Mei 2021 Amnesty International ilichapisha ushahidi wa watu Weusi walionusurika katika hoteli ya Amarula, Palma. Walisema kwamba wakandarasi Wazungu walitangulizwa kwenye helikopta za uokoaji. Kampuni ya helikopta ilikanusha kubagua. Nikiulizwa, naeleza yote mawili, na kwamba mimi nawaamini walionusurika. Lakini simtilii rubani neno kinywani. Siku nitakapombunia tusi moja, anayetaka kuwakana mashahidi wale nitakuwa nimempa pa kuanzia.

4. Aliyesoma kwa sauti asahihishe kwa sauti.
Kufuta ujumbe hakutoshi, kwa sababu waliosikia hawakuusoma kwenye simu. Nilirudi uani nikawaambia niliwasomea uongo. Yule mama alikuwa ameshahama, na hilo linaniuma hadi leo. Mzee mmoja wa Kimakonde, aliyepigana vita vya ukombozi, aliniuliza: "Mwanangu, kwa hiyo na ile habari ya Botha kuwapa waasi wa Renamo silaha ni uongo?"

Nikamweleza. Machi 1984 Botha na rais wetu Samora Machel walitia saini Mkataba wa Nkomati wa kutosaidia waasi. Agosti 1985, mwezi ule ule wa hotuba ya kubuni, majeshi ya Msumbiji na Zimbabwe yaliteka ngome ya Renamo ya Casa Banana, Gorongosa. Humo zilipatikana shajara zinazoonyesha kuwa jeshi la Afrika Kusini liliendelea kuwasaidia.

"Hizo karatasi za Gorongosa," akasema, "kaa hapa utusomee."