CHUMBA CHA KUWEKEA KARAFUU: MOTO AU BARIDI?

Mwanachama aliyejenga chumba kidogo kando ya nyumba, akakinga kuta na dari zisipitishe joto, hujiuliza: nitie chombo cha moto au cha baridi? Yafaa tulijibu swali hili, kwani uchaguzi mbaya waweza kutupotezea mavuno ya msimu mzima.

Kwanza tufahamu kazi ya chumba. Kukausha ni kazi ya jua na jamvi. Chumba ni cha kutunza karafuu zilizokwisha kukauka, na adui wake ni unyevu, uletao ukungu.

Jiko la makaa tusilitie kabisa. Moshi huharibu harufu, na hewa ya sumu itokayo katika makaa, isiyoonekana wala kunuka, huua mtu katika chumba kilichofungwa. Hita ya umeme haina moshi, lakini joto peke yake halitoi maji chumbani: hewa ya moto huyabeba, nayo ikipoa usiku huyarudisha juu ya magunia. Tena joto likizidi hufukuza mafuta, na karafuu nzuri ina mafuta kadiri ya 15 hadi 20 kwa mia.

Kiyoyozi ni tofauti. Hewa ikipita penye mabomba yake ya baridi, unyevu hugeuka matone, yakatoka nje kwa mpira. Kwa chumba cha mita 3 kwa 4 kilichokingwa vizuri, cha BTU 9,000 chatosha. Kikubwa zaidi si bora: hupoza upesi, kikazima kabla ya kutoa unyevu. Atakaye joto pia achague kinachogeuzwa. Kwa uniti 1 ya umeme hutoa joto la uniti kama 3, hali hita hutoa 1 tu.

Mlango ufungwe barabara, na tusipoze mno: gunia la baridi likitolewa nje ghafla hutoka jasho. Digrii 26 zatosha.

Tukumbuke pia kwamba tangu mwaka 2010 umeme wa Pemba huletwa kutoka Tanga kwa waya upitao chini ya bahari; ukikatika, kiyoyozi ni sanduku tu. Kwa hiyo magunia yakae juu ya chaga, mbali kidogo na ukuta.

Na mwenye magunia machache, atakayeuza karibuni, asijitie gharama. Paa lisilovuja, sakafu kavu na chaga vyamtosha.